Sukari Yangu Si Kama Yenu

Mimi sikuwa mgonjwa wa kisukari kama wengine, na nilihakikisha wengine wanajua. Wao, kwa hukumu yangu, walirithi au walijitafutia kwa soda na mandazi. Mimi mawe ya nyongo yaliniharibia kongosho, nikalazwa wiki tatu, na nilipotoka wodini kongosho lilikuwa limestaafu. Sukari ilipanda kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo pale kliniki mjini Nakuru nilikaa mwisho wa benchi, mkoba wangu katikati, nisije nikahesabiwa na wale wa kisukari cha kawaida.

Kila mwaka muuguzi aliniuliza, "Mum, macho umeenda kupimwa?" Nilimjibu kwamba macho ni shida ya wenye kisukari chenyewe, changu ni cha kongosho tu. Alinipa barua ya kwenda chumba cha macho, miaka minne mfululizo. Zote nilizitandika kwenye droo ya vijiko.

Katika kanisa letu la Kaptembwo mimi ndiye niliyekuwa nikisoma matangazo, kazi niliyoipata kwa sauti na kuilinda kwa ukali. Herufi zilipoanza kujikunja na kufifia, nililaumu printa ya kanisa. Ikatiwa wino mpya. Herufi zikazidi kufifia. Ningefanya nini, nimwachie maikrofoni yule mama wa kwaya aliyeimezea mate miaka yote? Ng'o!

Nikabuni njia. Karatasi ya matangazo ililetwa kwetu kila Jumamosi, mume wangu akanisomea tukinywa chai, nami nikakariri. Yeye ni dereva wa lori aliyestaafu, na husoma kama alivyokuwa akiteremka Mai Mahiu, polepole, mguu kwenye breki. Kufikia kikombe cha tatu nilikuwa nimeshika yote. Jumapili nilisimama, karatasi mbele ya uso, nikatiririka. Watu walinisifu kwamba siku hizi nasoma vizuri kuliko zamani.

Jumamosi moja karatasi haikuja, kwa sababu kulikuwa na harusi na sote tulikuwa huko. Nilikabidhiwa kesho yake, nikiwa tayari mbele ya watu. Nikaiangalia. Niliona ukungu tu. Mama wa kwaya alikuwa ananitazama, basi nikafungua kinywa na kutoa matangazo ya wiki iliyopita, neno kwa neno.

Kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mimi nikaitangaza mara ya nne ndoa iliyofungwa jana yake. Maharusi wenyewe walikuwa benchi la mbele, nguo zikinukia upya.

"Kama kuna mtu yeyote mwenye pingamizi," nilinguruma, "aseme sasa!"

Bwana harusi akainua mkono taratibu. "Mathe, pingamizi hakuna, lakini si tulioana jana? Hata wewe ulikuwa. Ulirudia pilau mara mbili."

Kanisa lilicheka hadi pasta akashikilia meza. Mama wa kwaya alicheka akiwa amesimama. Aibu naijua, nimeishi nayo, lakini kilichonishika pale kilikuwa hofu. Nilielewa kwamba ninapofuka.

"Sioni," nikasema, na maikrofoni ilikuwa bado mdomoni. Kicheko kikakatika.

Jumatatu nilikuwa chumba cha macho. Daktari, msichana wa umri wa binti yangu, alinitia dawa ya matone, akanimulika muda mrefu. Kisha akanieleza kwamba mishipa midogo nyuma ya macho yote mawili imekuwa ikivuja kwa miaka, na kwamba jicho la kulia limeshakufa katikati.

"Lakini yangu ilitoka kwa kongosho," nikaanza.

"Mama, jicho haliulizi sukari ilitoka wapi. Ungekuja mapema, hili la kulia tungeliokoa."

"Na la kushoto je?" nikauliza.

La kushoto lilichomwa sindano mara kadhaa, ndani ya jicho lenyewe, na nawahakikishia kwamba kuisubiri ni kubaya kuliko kuchomwa. Likaponea chupuchupu. Matangazo anasoma mama wa kwaya, vibaya, Mungu anisamehe.

Baada ya sindano ya mwisho nilikaa na mume wangu mezani, nikafunika jicho la kushoto kwa kiganja, nikamtazama kwa la kulia. Nikaona kofia. Nikaona masikio mawili na mabega. Uso hakuwa nao. Uso niliouzoea miaka thelathini na minane, na nilikuwa nimeutupa kwa maringo. Nikamwambia hivyo hivyo, nikilia bila kujificha.

Akaweka kikombe chini, akafikiri.

"Basi hilo jicho tuliweke vizuri," akasema. "Siku tukikosana, utaniangalia na hilo."