Walisema Mtoto Amenona

Mwenye duka pale Sori alijiita Daktari. Hospitalini alikuwa amefagia tu, kila mtu alijua, lakini aliuza sukari, mafuta ya taa na vidonge, na dada yangu mkubwa akamwamini kuliko padri.

Mtoto wa dada, kasichana ambako hata kukaa hakajajua, kakipata joto kidogo, mbio dukani. Daktari anafungua kapsuli ya rangi mbili, ile ya watu wazima, anamwaga unga nusu kijikoni, dada anakamulia maziwa ya titi juu. Kikohozi, rangi mbili. Kuhara, rangi mbili. Mdomo ukajaa utando mweupe, makalio yakachubuka. Rangi mbili.

Mimi niko Form Two, muoga wa kuongea mbele ya watu. Nilikuwa nafua nepi, kwa hivyo mimi ndiye niliona hazilowi. Nikamwambia dada. Akasema ni jua kali.

Kisha uso ukajaa, na miguu. Tulipofika dukani, Daktari akapiga makofi.

"Nyathi, mtoto huyu, amenona! Mama mtoto, si nilikuambia?"

Wanawake waliokuja kununua chumvi wakamfinya mtoto mashavu. Kidole kikitoka, shimo linabaki. Hakuna hata mmoja aliyelitazama hilo shimo, mijitu mizima.

"Hajakojoa tangu jana," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu.

"Form Two! Leo umekuwa dokta?"

Wakacheka, Daktari zaidi. Dada hakucheka. Aliingiza mkono ndani ya nepi, akautoa mkavu.

Hospitali ya Homa Bay walimwekea mpira wa mkojo, yakatoka matone tu. Dokta alisema ni fangasi. Zile kapsuli zilikuwa zimeua vijidudu vingine vyote, fangasi ikabaki na mwili peke yake, ikapanda njia ya mkojo mpaka kwenye figo, ikaziziba. Wakampa dawa kwa mshipa. Figo zisipofunguka, dokta alisema, hapa hatuna mashine ya kusafisha damu ya mtoto mdogo hivi.

Tukakaa tukitazama mfuko wa ule mpira. Mkojo ulipoanza kuingia, mchafu, una vipande vyeupe, dada alilia kwa sauti wodi nzima ikageuka. Figo moja haitakuwa sawa tena, walituambia.

Tulirudi Sori na mtoto mwembamba. Daktari akatingisha kichwa.

"Woi, hospitali imemmaliza mwili. Ngoja nikupatie kitu cha kumrudisha."

Akageukia rafu, hana hata haya. Nyuma yetu mama mmoja alikuwa anangoja zamu, mtoto mgongoni, mashavu yamejaa. Dada akamshika mkono.

"Huyu wako," akamuuliza, "leo amekojoa?"