Nilivyomchelewesha dada yangu kuiona nyota inayotembea

Wakuu, salaam aleikum.

Nimeona uzi humu ambao vijana wanabandika picha za satelaiti walizopiga kwa simu, mistari myeupe angani, na watu wanashangilia. Mimi ni mzee wa Msambweni. Simu hii nimenunuliwa na wajukuu na naandika kwa kidole kimoja.

Nami niliwahi kupiga picha kama hizo. Nitaeleza kama ilivyokuwa bila kujipamba, na mtaona wenyewe sina cha kujipamba nacho.

Bendera ya mkoloni ilikuwa imeshushwa mwaka mmoja nyuma. Nilikuwa kijana, natandika vyumba katika hoteli moja huko Diani. Mgeni mmoja alipoondoka aliniachia kamera ya boksi ikiwa na filamu mpya ya picha kumi na mbili. Akanifundisha na jinsi ya kuacha jicho la kamera wazi muda mrefu gizani.

Siku hizo ilikuwa ikipita nyota inayotembea. Tukishasali Isha watu wanatoka uani, wanainua vichwa, nayo inakatiza kimya kimya. Ilisemekana ni chombo kilichorushwa na Wazungu. Jirani yetu mmoja alikataa kabisa kuitazama, eti isije ikamwona yeye.

Dada yangu Mwanasha hakuwahi kuiona.

Huyu ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Macho yake yalikuwa yakifa kutoka pembeni kuja kati. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kwamba yatazima yote mawili. Kitu kidogo kilichotulia mbele yake alikiona vizuri. Alishona kofia za viua, zile za vitundu vya nakshi, bila kukosea tundu, lakini akisimama anagonga mlango. Wapo waliosema anajifanya.

Nyota ile, kila akiinua uso kuitafuta, imeshapita.

"Nipigie picha yake," akaniambia. "Ikitulia kwenye karatasi nitaiona."

Kesho yake nikaiweka kamera juu ya kinu ikitazama mbinguni, tukazima kandili. Nyota ilipotokea nikafungua, ilipopotea nikafunga. Hiyo ilikuwa picha ya tisa, nane nilikuwa nimeshazipiga. Zikabaki tatu.

Hapa ndipo nilipokosea.

Vijana mtashangaa, lakini zamani zile hakuna aliyetoa filamu kabla haijaisha. Ilikaa ndani ya kamera Idi hadi Idi, harusi huku, mtoto aliyezaliwa kule, ndipo ikapelekwa Mombasa kusafishwa. Kuitoa na picha tatu hazijapigwa ilikuwa kama kumwaga chakula.

Dada aliniomba niipeleke wiki hiyohiyo. Nikamwambia tungoje Maulidi, tutazipiga zilizobaki jamaa wote wakiwa wamevaa nguo mpya. Hakubishana. Hakuwa mtu wa kuomba mara mbili.

Maulidi yakafika, nikapangiwa shifti. Nikasema basi, harusi ya binamu yetu. Harusi ikaahirishwa. Kila nikirudi nyumbani nampa shikamoo, ananiitikia marahaba, ananiuliza za kazi, halafu anaitazama mikono yangu. Nilijua anangoja nini. Nilikuwa naudhika, wakuu. Naona haya kuandika lakini nilikuwa naudhika naye.

Asubuhi moja nilimkuta barazani na kofia mapajani, sindano imepita nje ya matundu yote. Akaniuliza mbona leo hakujakucha.

Jua lilikuwa limeshapanda.

Niliingia ndani nikachukua kamera, nikaupiga picha ukuta mara tatu. Ukuta, wakuu. Hata saa ile akili yangu haikukubali kuitoa filamu kabla haijaisha. Picha nilizozitunza miezi yote ile nikazimalizia kwenye chokaa, ndipo nikakimbilia feri ya Likoni.

Fundi wa studio aliposafisha aliniuliza kwa nini nimepiga ukuta mara tatu. Nikamweleza. Akasema hata ningeileta ikiwa na picha moja tu, angeisafisha vilevile.

Na picha ilitoka vizuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mstari mweupe, mwembamba, umenyooka kona hadi kona, na nyota nyingine zimetulia pembeni. Angeuona.

Nikampa. Akaisogeza kwenye jicho la kulia, halafu la kushoto, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni. Alikaa nayo muda mrefu sana. Kisha akaanza kuipapasa, akauliza mstari umepita wapi. Nikakishika kidole chake nikakipitisha juu yake, kona hadi kona. Karatasi ilikuwa laini tu, hakuna alichogusa.

"Ulikuwa ukingoja nini, mdogo wangu?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza akitaka kujua.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na tulimzika hapahapa Msambweni. Hakuniuliza tena. Kamera nilimpa mtu na sijapiga picha nyingine maishani mwangu.

Fundisho langu ni dogo. Kama kuna mtu anangoja kitu kwako na unacho, mpe kikiwa hivyohivyo, hata hakijakamilika. Usimpangie siku.

Karibuni mchangie. Anayetaka kunilaumu anilaumu, hanipiti mimi mwenyewe. Ila mwenye jibu la swali la dada aliweke hapa chini, maana mimi mpaka leo sijalipata.