Mafuta na Chupa ya Marubani

Mume wangu hakuwa mtu wa kugombana, ila kwa habari ya mafuta alikuwa hataki mchezo. Kazi yake ilikuwa kwenye uwanja mdogo wa ndege hapa Likasi, kutunza chupa za oksijeni, zile marubani wanazovutia hewa kwa barakoa ndege ikipanda juu sana, au moshi ukijaa pale mbele wanapokaa. Asubuhi ya kazi hagusi sombe yangu, yale majani ya muhogo, maana niliiweka mafuta ya ngazi, haya mekundu ya mawese, bila huruma. Nguo zake za kazi nilizifua mbali na zetu. Alishaona mwenzake akiungua uso mzima kwa sababu mtu alilainisha mdomo wa chupa kwa grisi kidogo.

"Mafuta na oksijeni visikutane," alisema kila siku. "Vikikutana, ni moto."

"Weye ulioa chupa," nilimjibu. "Minye niko mupangaji tu hapa."

Alicheka, akaenda kunawa tena.

Halafu Katanga ikajitenga, vita vikaja, barabara zikafungwa. Binti yetu, wa kwanza, bado wa kunyonya, akashikwa na kifua. Kila akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani. Hospitali ilijaa watu wa risasi. Walimpiga sindano, wakatuambia oksijeni imekwisha, turudi nyumbani tumkalishe wima. Mume wangu alitufikisha mlangoni, akasema, "Ninarudi sasa hivi," akapanda baiskeli. Hakusema anaenda wapi. Lo, angesema!

Mama yake alikuwa anakaa nasi. Akafanya wanachofanya mabibi zetu wote mtoto akishikwa na kifua: akapasha mafuta ya ngazi, akampaka kifuani, mgongoni, usoni, mpaka ndani ya pua. Minye nilimshika. Mafuta yalinifika viwikoni, na nilishukuru, maana angalau tulikuwa tunafanya kitu.

Mume wangu akarudi na chupa amefunga kwenye baiskeli. Ndege ilikuwa imelala uwanjani kwa kukosa mafuta ya kurukia, na rubani, mzungu mmoja, aliing'oa chupa mwenyewe nyuma ya kiti chake akampa. Aliingia anahema, akatuona, akasimama.

"Mungu wangu. Munamupaka mafuta?"

Akarudisha chupa nje. Tukaleta maji na sabuni. Mafuta ya ngazi unayajua, hayatoki upesi. Tunasugua, mume wangu anainama ananusa, anasema bado. Tunasugua tena.

"Mamawee! Mutoto anakufa, fungula!" mama yake akalia.

"Nikifungula ataungua, mama! Ataungua uso!"

Machozi yalikuwa yanamtiririka, na mikono ameiinua juu, mbali nasi, asiguse mafuta. Mtoto wake anakata pumzi mbele yake na hawezi kumshika. Nilimchukia wakati ule, nasema kweli. Nilimchukia na nikaendelea kusugua.

Mwishowe akakubali mafuta yametoka, akaleta chupa. Barakoa ilitengenezwa kwa uso wa mwanamume mzima, ikamfunika mtoto mpaka kwenye paji. Hewa ikalia taratibu. Niliona kucha zake zinarudisha rangi, nikacheka kwa sauti, nikamwita baba yake jina zuri nisilomwita tangu harusi. Mtoto akavuta, akavuta. Halafu akaacha.

Kama mume wangu angefungua chupa mara ile ya kwanza, sijui. Pengine nyumba yote ingeungua, pengine ningekuwa na binti mwenye wajukuu leo. Nimechoka kujiuliza, na bado najiuliza.

Alifunga chupa, akaitoa nje, akaisimamisha ukutani. Aliporudi mama yake alikuwa amejikunja kwenye kona, anaficha mikono yake ndani ya kitenge kama mwizi. Mume wangu akapiga magoti mbele yake.

"Mama," akasema polepole, "lete mafuta."

Akakunja mikono ya ile nguo ya kazi, akamimina mafuta kiganjani, akampaka binti yetu mwili wote, nyuma ya masikio, katikati ya vidole, taratibu, wala hakujali yanavyomdondokea.