Manowari Niliyoizamisha Sebuleni kwa Watu

Jamani, chekeni tu, mimi mwenyewe nikipita mtaa wa Observatory mpaka leo navuta kofia machoni. Mpwa wangu Rashidi, mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kule Diepsloot, alitaka kumwoa Salma, binti wa Mzee Abdalla, mtu wa Mombasa anayekaa hapo Observatory, akaniambia, "Mjomba, nenda wewe ukaniposee, una maneno." Maneno ninayo, ndiyo maana nikaharibu.

Na mnajua posa ilivyo, mshenga hafiki tu akalipua, kwanza unaulizia hali, unanywa chai, unasifia nyumba, basi nikasifia picha kubwa ukutani, meli ya Waingereza ya wakati wa vita, juu bapa kama uwanja wa mpira, imejaa ndege (ndege juu ya meli! zinatuaje? sielewi mpaka kesho). Mzee akauliza, "Kwani unaijua?" Hapo ningesema hapana yangeisha. Nikasema, "Mzee wangu, nani asiyeijua manowari hii!"

Akafurahi, akamwita mkewe, akaita mashemeji waliokuwa uani, "Njooni, mgeni anaijua!" Wote wakakaa kunitazama, nami hata jina lake silijui, kichwa kinazunguka, nikawaza, meli ya vita itakuwa ilizama tu. Nikaizamisha. Nikaleta mabomu, moshi, ndege zinadondoka baharini, na watu nao (nilinogewa, nakiri), "hakutoka hata mmoja, Mungu awarehemu."

Wakatazamana. Nikadhani wameguswa.

"Hata wapishi?" akauliza Mzee Abdalla.

"Wapishi ndio wa kwanza, mzee, jiko liko chini."

"Baba yangu alikuwa mpishi humo," akasema polepole. "Meli ilipigwa, ikatengenezwa, vita vikaisha, ikarudisha askari kwao, ikazeeka, ikakatwakatwa ikawa vyuma chakavu. Baba akarudi Mombasa akaoa, ndipo nikazaliwa. Sasa wewe uliyemzamisha vitani, niambie, mimi mtoto wa nani?"

Eish! Nimekuja kuomba binti, nimemfanya mzee wa watu mwanaharamu mbele ya mkewe! Nikasema labda ni meli nyingine, nikasema labda alijua kuogelea, kila nikifungua mdomo nazidi kuharibu. Mkewe akakusanya vikombe, changu kikiwa bado kimejaa. Mzee akanisindikiza mpaka getini. "Kijana sina neno naye," akasema, "ila alete mtu mwingine."

Posa ikapelekwa na mtu baki, muuza vinyago wa Newtown, na siku ya ndoa mimi mjomba mtu nikakaa safu ya nyuma na majirani. Rashidi akaja kunisalimia, akaniinamia sikioni, "Mjomba, kwani kusema hujui kulikuwa na ugumu gani?" Siku hizi nasema sijui upesi, hata swali halijaisha.