Mwanaanga Aliyetembezwa Shambani kwa Bibi

Juzi redio ilitangaza kifo cha mwanaanga mmoja wa Ulaya, mzee aliyeacha kuruka angani akawa anazunguka nchi za watu akihimiza misitu na maji vitunzwe. Nilikuwa nasonga ugali, mwiko ukanibaki mkononi. Mtu huyo, ndugu yangu, aliwahi kula ndizi nyumbani kwetu Kinyala.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imejaa sokoni Tukuyu na shule nazo zimeanza kudai michango. Bibi, ambaye ndiye aliyenilea, alinisomesha kwa magimbi. Shamba lake lilikuwa bondeni kando ya kijito, kwenye udongo mweusi unaomeza mguu hadi kifundoni. Jumamosi tulichimba ukungu ukiwa haujapanda, vidole vimekufa ganzi, tukaosha palepale, kisha tukabeba hadi Kyimo kuuza barabarani.

Mwanaanga alipofika kijijini katika ziara zake hizo, kwaya ya shule iliimba hadi makoo yakakauka. Sisi watoto alituambia kwamba hata mtoto wa Kinyala anaweza kufika mbali akisoma, nami nilimwamini papo hapo. Bibi ndiye aliyempikia. Kwetu mgeni wa heshima hakukalishwa tu kusubiri sahani; alitembezwa shambani kwanza, aone chakula chake kimetoka wapi. Basi Bibi akamteremsha hadi bondeni, mwalimu wetu akitafsiri, akamwonyesha magimbi yake moja moja, anacheka kama msichana.

Baada ya kula ukawa mkutano. Mgeni alisema ukiitazama dunia kutoka juu unaingiwa na huruma, maana ni ndogo na haina akiba ya maji kwingine. Akasema leo ameonyeshwa kijito kizuri, kilimo kisikisogelee mno. Watu walishangilia, Bibi kuliko wote.

Haukupita muda mrefu, mtendaji wa kata akaja na vijana wenye majembe. Waling'oa magimbi, hata machanga, wakapanda mikaratusi.

"Mgeni alisema mtunze maji," Bibi alimwambia. "Hakusema mning'olee chakula."

"Bibi, unabishana na mtu aliyeiona dunia nzima?"

"Ameiona, mwanangu. Lakini hili shamba nilimwonyesha mimi."

Ili nisifukuzwe shule, Bibi alikwenda kuchuma chai kwenye mashamba ya wenyewe, kwa umri ule, kikapu mgongoni, mvua ya Rungwe ikimnyeshea. Wageni waliofuata aliwapa kigoda uani na kikombe cha chai, basi. Hakuna aliyevushwa hata mgomba wa kwanza.

Jumapili nilishuka bondeni. Mikaratusi imenenepa kwa kunywa maji, kijito kimebaki tope. Desturi ya kumtembeza mgeni nayo imekwenda na wazee wake. Vijana ukiwaeleza wanakuona unatunga. Inaniuma, tena nashindwa kumchukia yule mzungu, kwa sababu nilisoma kwa ajili ya maneno yake.

Siku hizi nafundisha jiografia. Jana tulikuwa kwenye mada ya vyanzo vya maji, nikafundisha yaleyale aliyoyasema, maana ni kweli tupu. Msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na waliokuwa wanalima pale kando, walikwenda wapi?"

Niligeuka nikaanza kufuta ubao, ingawa kipindi kilikuwa hakijaisha.