Meseji Iliyofungua Kisima cha Kibuta Kabla ya Wakati

Nichekeni sasa hivi mmalize kabisa, maana nikifika pale kwenye ndoo sitaki mtu anikatishe. Mimi ndiye niliyewakusanya watu wa Kibuta waje kuchota maji kwenye kisima kisichokuwa na pampu, na nilifanya hivyo nikiwa ofisini kwetu Maili Moja, nimevaa viatu vya kisigino, najiona mjanja kuliko wote.

Sisi ni kampuni ndogo ya kuchimba visima, watu saba pamoja na bosi wetu, Injinia Lyimo, na kazi zilikuwa zinaendeshwa kwa daftari na kukumbushana kwenye simu: huyu yuko Chole anasubiri mabomba, mabomba yameshushwa Kibuta, fundi naye kaelekea kwingine kabisa. Nikamwambia Injinia kuna programu ya mtandaoni ya kufuatilia miradi, kila mtu anaiona kwenye simu yake popote alipo, kazi zimepangwa kama kadi, kadi unaitoa kwenye Bado unaipeleka kwenye Inaendelea, halafu Imekamilika, basi. Akanipa wiki mbili niiandae. Nikajifunza kwa video, na kusema kweli (hata leo nasema) niliiweza.

Tena nikaongeza na la kwangu. Niliingiza namba za wenyeviti wa vijiji tunakofanya kazi, nikatunga meseji, ili kazi ya kisima ikiisha programu yenyewe iwatumie taarifa pamoja na siku ambayo timu itafika tena. Kwa hilo nilijisifu mpaka nyumbani wakachoka.

Ijumaa nikawaita wenzangu niwaonyeshe. Kulikuwa na mradi wa mazoezi ambao programu inakupa bure ujaribie, lakini ule ulikuwa na majina ya Kizungu na kadi za kuuza viatu, nikaona hauna mvuto (uamuzi wenyewe ndio huo, wala haukunichukua hata dakika), nikafungua mradi halisi wa Kibuta. Nikazihamishia kadi zote kwenye Imekamilika, moja baada ya nyingine, ukuta mzima wa projekta ukawa kijani, watu wakapiga makofi. Fundi Saidi, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, akataka kujua kama hiyo kijani kuna mtu wa nje anayeiona. Nikamjibu kwa sauti ya mwalimu, "Baba, huu ni mfano tu. Nikirudisha hapa, inafutika."

Nikazirudisha kadi, na kweli zilirudi. Meseji ndiyo haikurudi.

Jumatatu tukaondoka na kirikuu tumepakia saruji, tunakwenda kumwaga zege la kuwekea tanki. Kisima kilikuwa kimeshachimbwa na maji yamepatikana, lakini pampu ilikuwa haijafika, na shimo tulikuwa tumelifunga kwa kifuniko cha chuma.

Tulipokaribia nikaona umati. Nikadhani ni msiba, nikajitanda kanga vizuri, nikamwomba Fundi Saidi apunguze mwendo kwa heshima. Haukuwa msiba. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, sufuria la pilau liko motoni, na kuanzia kwenye kile kifuniko cha chuma hadi barabarani kuna mstari wa ndoo na madumu, yameoshwa mpaka yanang'aa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kondo, akaja kutupokea na kanzu yake nyeupe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanionyesha simu: kazi ya kisima imekamilika, timu yetu itafika Jumatatu. Na alikuwa ameijibu, ametushukuru na kutuombea dua, kumbe majibu yanakwenda kwenye namba ya programu ambayo hakuna binadamu anayeisoma.

"Sasa binti," akaniuliza, "tunafungua kwanza, au tunakula kwanza?"

Fundi Saidi alikuwa anatazama saruji. Mimi, nakiri, maneno ya kuusingizia mtandao yalikuwa yameshafika mdomoni, na pale nani angebisha? Lakini nilipopewa kipaza sauti (ndiyo, waliazima mpaka kipaza sauti) nikawaona wote wananisikiliza, nikashindwa kudanganya.

"Wazazi wangu, maji hayatoki leo," nikasema. "Meseji niliituma mimi, nilikuwa najionyesha ofisini. Naomba mnisamehe."

Hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana. Bibi mmoja aliyekaa mbele, Bibi Mwanahawa, akaniuliza kwa upole kama ndoo yake aiache pale au airudishe nyumbani, kwa sababu asubuhi ile alikuwa amemwaga maji yote yaliyobaki kwenye pipa ili alisugue, maji mapya yakija yakute pipa safi. Kina mama wengine wakasema nao wamefanya hivyohivyo. Hapo nikaacha kufikiria aibu yangu.

Nikampigia Injinia, nikamweleza bila kupunguza neno. Akasema tushushe saruji, tupakie madumu. Siku ile mimi na Fundi Saidi tulikwenda Kisarawe mjini na kurudi mara nne, tunajaza madumu, tunamimina nyumba kwa nyumba, mpaka mikono ikawa haishiki kitu. Pilau walitupa. Nililila nimeinamisha kichwa, na lilikuwa tamu sana.

Programu tunaitumia mpaka leo na imetusaidia (msije mkaniambia sijui kazi yangu). Ila nimeapa sitajaribu tena kitu kwa majina ya watu halisi. Mradi wa mazoezi nimeujaza visima vya uongo kwenye vijiji vya kubuni, na namba ya simu iliyomo humo ni yangu peke yangu.

Pampu ilipofungwa, nilisimama pale bombani nikayaona maji kwa macho yangu ndipo nikaihamisha kadi ya mwisho. Meseji ikaenda. Tukasubiri nusu saa nzima, hakutokea hata mtu mmoja. Nikajaza maji kwenye chupa, nikaanza kupiga hodi mlango kwa mlango. Bibi Mwanahawa akaonja, akaniangalia, akaonja tena, akaniambia nitangulie tu, yeye atakuja, ila kwa leo atakuja na ndoo ndogo.