Kalibu ya Meno ya Mama

Mpaka leo watu wakinisifu kwamba nina mkono mwepesi wa kung'oa meno, moyoni nakereka. Nani aliwaambia mie nilitaka kung'oa? Kung'oa ni nguvu tu, hata fundi baiskeli ukimshikisha koleo atang'oa. Nilichokitaka mie ni kunyoosha. Nilitaka nimchukue mtoto ambaye meno yamepandana, hacheki ila kaziba mdomo kwa kiganja, nimtie waya, niukaze kidogo kidogo, na baada ya miaka miwili acheke mbele za watu. Hilo nililitaka kuliko kitu chochote, na ndilo nililolikosa.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa msaidizi katika chumba cha meno cha hospitali moja mjini Unguja, na kisiwa kizima hakikuwa na mtu wa kunyoosha meno. Ikaja habari kwamba iko nafasi ya kwenda kulisomea jambo hilo Ulaya. Nafasi moja, na wanaoigombea wametoka Unguja, Pemba na bara. Mtihani ungefanywa hapahapa mjini. Wa kuandika nilifaulu, wa kuhojiwa nilifaulu. Tukabaki watu watatu, na kilichobaki ni kazi ya mkono.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchukua kalibu ya meno ya juu. Unachanganya unga maalumu na maji mpaka uwe mzito kama uji, unautia ndani ya kijungu cha bati chenye umbo la taya, unamtia mgonjwa mdomoni, unakandamiza na kungoja ugande. Ukikitoa, alama ya kila jino imebaki humo. Unamimina plasta, na ikikauka unayo meno ya mtu mkononi mwako. Mgonjwa unamleta mwenyewe, na unapewa mara moja tu ya kujaribu.

Sasa basi, siku waliyoipanga ikaangukia katikati ya Ramadhani. Mzungu mkuu wa mtihani akatoa amri kwamba hataki mgonjwa aliyefunga, asije akameza kitu halafu yeye akaambiwa anawafunguza watu saumu. Jamani! Mji mzima umefunga, mie mdomo ulio wazi mchana nitautoa wapi? Wenzangu walikuwa wajanja, wakawawahi Mabaniani wa madukani, Wahindi wasiofunga. Mie nikampata karani mmoja wa Kigoa, Mkristo, mtu wa watu, akaniahidi. Asubuhi ya mtihani akaniletea salamu kwamba homa imemlaza, hata kukaa kitako hawezi.

Nikarudi ukumbini mwa nyumba yetu nikakaa, kichwa nimekishika kwa mikono miwili. Mama alikuwa anakunja msala wake. Alikuwa amesali alfajiri, kisha akasoma msahafu, juzuu moja kila siku kama ilivyokuwa ada yake ya Ramadhani. Nilikuwa nimemsikia kutoka chumbani kwangu.

"Una nini?" akaniuliza.

Nikamweleza. Akaukumbatia ule msala.

"Basi nitakwenda mie," akasema. "Mie leo sifungi."

Kwetu mwanamke akisema leo hafungi, humuulizi kwa nini. Ni udhuru wao wa kike, Mungu mwenyewe kawasamehe, na mtoto wa kiume akimuuliza mamake jambo hilo ni kukosa adabu kabisa. Lakini mwenye udhuru ule hasali, wala msahafu haugusi. Nilijua. Nasema tena, nisije nikajidanganya uzeeni: nilijua, na msala ulikuwa bado mikononi mwake. Nikajitia hamnazo. Nikamwambia, "Haya mama, vaa buibui twende."

Njiani alikuwa ananitania ili nisiwe na wasiwasi. "Ukienda huko Ulaya usije ukaninyooshea na mie meno, nikaja nikatafuta mume!" Nikacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka naye.

Tulipofika, Mzungu akaniuliza, "Amefunga?" Nikamjibu kwa Kiingereza changu kilichopigwa pasi kwamba hakufunga. Hakuridhika. Akajaza bilauri ya maji, akampa mama kwa mkono wake. Mama hakujua Kiingereza lakini alifahamu anachotakiwa. Akaitazama bilauri, akanitazama mie. Mie nikajishughulisha na kijungu changu. Nikamsikia anasema "Bismillahi" kwa sauti ndogo, na nilipoinua macho bilauri ilikuwa tupu.

Nikauchanganya ule unga, maji yakazidi. Nilipomtia kijungu mdomoni, uji ukatiririka nyuma mpaka kooni. Macho yakamtoka, machozi yakamshuka, kifua kikawa kinapanda na kushuka. "Pumua kwa pua, mama, kwa pua!" Alikamata mikono ya kiti kwa nguvu zake zote, hakunisukuma, hakukitema. Akatikisika mara moja tu. Plasta ilipotoka, meno ya mbele yalikuwa safi kabisa, hata kale kapengo kake ka katikati kalionekana. Ya nyuma yalikuwa yamejikunja, halijulikani jino wala ufizi. Mzungu akaigeuza juu chini, akaiweka mezani, akaandika kitu. Kabla ya adhuhuri tukaambiwa kwamba nafasi kaipata kijana mmoja wa bara, na wallahi kazi yake ilikuwa nzuri. Ile plasta yangu nikaikwapua kwa hasira, nikaifunga katika kitambaa, tukatoka.

Tulipita Darajani, watu wananunua mihogo na ndizi mbivu za futari. Nilimtangulia mama hatua kumi nzima, kana kwamba sikutoka naye. Kisha nikageuka, palepale mbele za watu.

"Dakika mbili, mama! Kutulia dakika mbili tu kumekushinda? Umenivunjia maisha yangu!"

Nilimwambia hivyo, mie ambaye unga niliuchanganya kwa mkono wangu mwenyewe.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Koo langu limenishinda."

Siku ile hakutia kitu mdomoni tena. Alipika, akapakua, na jua lilipokaribia kuchwa akakaa mkekani kungojea adhana kama nilivyongoja mie, midomo imemkauka. Adhana ilipoanza, sahani ya tende akanisogezea mie kwanza. "Kula, uji unapoa." Hapo ningeweza kusema neno. Tulikuwa wawili tu, hapakuwa na wa kunisikia wala wa kunicheka. Nikachukua tende nikala.

Baada ya sikukuu kifua kikaanza kumsumbua. Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, mama mdogo, ndugu yake wa Makunduchi, akaja kumchukua, akapate hewa ya kwao. Nilikwenda kumtazama mara tatu, na mara zote tatu tulizungumza habari za mvua na za mihogo. Kila nikitaka kuianza ile habari, yeye ananiwahi: "Umekula?" Akafa Mfunguo Nne, asubuhi, mie nikiwa mjini nang'oa meno.

Baada ya hitima mama mdogo akaniita uwani.

"Mamako kafa na saumu ya siku moja," akaniambia. "Si zile za udhuru, zile kazilipa zote kabla hajaumwa. Hii moja ilimshinda. Kila akijaribu kuifunga, kifua kinambana, namlazimisha afungue. Alikuwa analia. Nikamuuliza kailaje, akasema hiyo siri yake na Mola wake. Wewe unajua?"

"Sijui," nikasema.

Astaghfirullah. Mtu kalala kaburini hata udongo haujakauka, na mie bado namficha ndani ya uongo wake.

Ile saumu nimeifunga mie. Masheikhe nimewauliza, wakaniambia siku moja hulipwa kwa siku moja, basi imekwisha, nisijisumbue. Mie naifunga kila mwaka, sikukuu ikishapita, na sijaona imekwisha.

Picha ya mama hatuna. Alikuwa hapendi kupigwa picha, akisema uso wake ni wa kwake na wa nyumbani kwake. Kilichobaki ni ile plasta, nimeiweka kabatini katika kile kitambaa. Binti yangu alipokuwa mdogo aliniuliza bibi yake alifananaje, nikaitoa nikampa. Akaishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye kapengo, akacheka, maana na yeye anako. Kisha kidole kikafika nyuma.

"Baba, huku kuna nini? Mbona kumeharibika?"

"Hapo ndipo unga ulipomwingia kooni," nikamwambia. "Alitaka kutapika."

"Akatapika?"

"Hakutapika," nikasema. "Alimeza."